Jahazi Lina Matanga Mangapi?

Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne, katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, mwezi wa sita. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema; nilichopunguza ni kikohozi na marudio.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wanafunzi: mugonile!

Wengine mmeitika, wengine mmenitumbulia macho. Haya, na wale wa kutoka Makete na Njombe: kamwene. Wasafwa mtaniwia radhi. Salamu yenu naijua nusu, na salamu nusu mara nyingine hugeuka tusi.

Nimeanza na mugonile makusudi. Mnyakyusa akikusalimu hivyo, ukifuata neno lenyewe, anakuuliza kama umelala. Sijamsikia mtu akijibu, "Ndiyo, nimelala kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja." Sote twajua usingizi hapo umebebeshwa mzigo: afya, amani ya nyumba, watoto, ng'ombe, hata madeni. Kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba tamathali za usemi, yaani kusema jambo kwa sura ya jingine, ni mada ngumu inayowangoja kwenye mtihani. Leo mmeshazitumia kabla hamjapiga mswaki. Na huko kupiga mswaki nako, mswaki ulikosa nini?

Shida inaanza tukishika kalamu.

Nilizaliwa Rungwe, upande wa juu, kwenye viazi na ukungu. Nikiwa darasa la saba tulipewa insha: eleza siku uliyoogopa sana. Nikaandika kwa mwandiko wa kulala, nikajiona bingwa: "Moyo wangu uliyumba kama jahazi katikati ya bahari iliyochafuka." Niliitoa wapi sentensi ile sikumbuki, ila si kichwani mwangu. Nikasubiri pongezi. Daftari liliporudi, pembeni ya sentensi ile mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Jahazi lina matanga mangapi?"

Sikuwa na jibu. Ziwa Nyasa lenyewe nilikuwa sijalifikia, sembuse bahari. Miaka mingi baadaye nilipopanda treni ya TAZARA hapa Iyunga nikafika Dar es Salaam, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kwenda Feri kuhesabu. Nililoliona siku ile lilikuwa na tanga moja. Mwalimu wangu alikuwa ameshafariki, nikajibu peke yangu kwa sauti, mchuuzi wa samaki akanigeukia.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na pwani. Kiswahili kilikulia ufukweni, na watu wa huko walisema kwa vitu walivyovishika. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini maji yanakojikusanya. Aliyeitunga methali hiyo alikuwa ameyakanyaga maji hayo ya ngamani kwa miguu yake, akayachota na kuyamwaga nje. Ndiyo maana imedumu. Nyinyi mnaazima chombo chake huku hamjui omo ni upande gani.

Mwalimu wenu wa Kiswahili alinitumia insha zenu 31. Nimezisoma zote, usiku, nikiwa nimejifunga blanketi. Meno meupe kama theluji nimeyakuta mara nne. Theluji! Msichana mrembo kama malaika, mara sita, na hakuna hata mmoja aliyetuambia huyo malaika alikuwa amevaa nini. Watu walitimua mbio kama swala, walikaa kama kuku aliyenyeshewa, walipigwa na butwaa, na siku ya siku iliwadia karibu kila ukurasa. Kuku aliyenyeshewa ninamwonea huruma. Tangu mimi nasoma ananyeshewa tu, hakuna anayemwingiza ndani.

Maneno hayo si mabaya. Yamepita mikono mingi tu, kama noti ya elfu moja inayotoka kwa kondakta: bado ni pesa, lakini sura juu yake huioni tena. Tena yapo yaliyokufa kabisa tukayazika ndani ya lugha, na sasa yanatufaa kuliko yalipokuwa hai. Mguu wa meza. Mdomo wa chupa. Kichwa cha treni. Mtu anaposema deni limemkaba, hatumwangalii shingoni. Kazi ya mwandishi ni kutafuta yale ambayo bado yana joto.

Na hapa kwetu yamejaa. Nendeni Kiwira: mahali mto unapozama kwenye mwamba uliochimbika mviringo, wazee walitazama, wakasema kijungu. Hawakusema kama kijungu. Kijungu, basi, na ndilo jina mpaka leo. Mwamba uliopita juu ya mto wakauita Daraja la Mungu. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini wenyeji walikuwa wameshaiita Bustani ya Mungu. Ukienda Iringa mjini utaonyeshwa jiwe kubwa kilimani, Gangilonga. Kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda kutulia hapo. Jiwe linasema! Kitabuni hiyo ni tashihisi, kukipa kitu tabia ya mtu. Kule Iringa, Gangilonga ni mtaa, na watu wanapelekewa barua huko.

Bibi yangu hakuwa anasema kuna mawingu. Alisema, "Mlima umejifunika, leo haupokei wageni." Hapo ninyi mngeandika nini? Mngeandika, "Hali ya hewa ilikuwa ya mawingu mazito kama pamba."

Sasa tuingie jikoni. Tofauti ya tashbiha na sitiari mnaijua: ya kwanza ina kama, mithili ya, mfano wa, utadhani, ya pili haina. Nisipoteze muda wenu hapo. Nitawaonyesha tu sentensi moja ya mmoja wenu, na nimeomba ruhusa yake. Aliandika: "Asubuhi ile baridi ilikuwa kali kama wembe." Si mbaya. Watu wa Mbeya tunaamini. Lakini hebu tujiulize, wembe unafanya kazi gani? Unachana, unakata, unanyoa. Basi mwache wembe aende zake, tubaki na kazi yake: "Asubuhi ile baridi ilininyoa masikio." Maneno yamepungua na baridi imeongezeka. Wembe hauonekani, lakini kila mtu hapa amejishika sikio, nimewaona.

Kiswahili hupenda kuficha sitiari kwenye kitenzi. Bei zimepaa. Habari zimevuja. Kijana amekula hasara, baba yake amekula chumvi nyingi, na mwenyekiti amekula kiapo kisha akala rushwa. Angalieni kitenzi kimoja kinavyoshiba. Ukikwama, usianze kuwinda kitu cha kufananisha nacho. Tafuta kitenzi.

Halafu ipo njia nyingine, isiyo na mapambo kabisa, na mimi ndiyo ninayoipenda. Baada ya yale ya jahazi, mwalimu aliniambia nirudie insha, niandike baridi ya nyumbani. Nikaandika kwamba mama, siku za Juni, alishika mpini wa jembe kwa pembe ya kanga. Basi. Humo hamna kama, wala mithili. Mwalimu akapiga mstari chini yake, safari hii wa kusifu. Ukweli mmoja mdogo ulioshikika unaweza kufanya kazi ya tashbiha tatu. Sasa hiyo ni tamathali au si tamathali? Kwenye mtihani msijibu kwa maneno yangu.

Nimekuja na kopo. Hili hapa, la maziwa ya unga, tupu. Na haya ni maharage ya njano niliyoazima kwa mpishi wenu, kilo moja kamili, tena kayapima mbele yangu. Naomba kimya. Naangusha moja. Sasa jingine. Sasa matatu, taratibu.

Mmesikia nini? Iandikeni.

(Walisoma mmoja mmoja. Wengi walikuwa na "ta". Wa nyuma walikuwa na "ko". Mmoja aliandika "ti", akabishana na jirani yake mpaka nikaangusha harage jingine wasikilize tena. Msichana wa mstari wa pili alisema: "Mimi sijaandika sauti. Nimeandika, yanabisha hodi.")

Yanabisha hodi. Naomba mumpigie makofi, kisha mnyamaze. Namwaga konzi zima.

(Chararararara. Mvulana mmoja akaropoka: "Sasa wameingia wote!")

Haya, tukae hapo kidogo, maana hapo pana utajiri. Kwanza ile sauti. Lugha yetu ina ghala la tanakali, maneno yanayoiga mlio au hali, na kila moja ina mwenyewe. Mtu hulala fofofo, hulowa chapachapa, huanguka pu, hutumbukia chubwi. Nguo ni nyeupe pe, chungu ni cheusi tii, nyumba ni kimya jii. Huwezi kubadilisha. Hakuna aliyewahi kulala chubwi, labda awe amelala kwenye mtumbwi. Lakini ghala halijafungwa. Harage halikuwa na sauti yake kwenye kamusi. Dakika mbili zilizopita limepewa tatu. Kigezo kimoja tu: sikiliza kwanza, andika baadaye. Aliyeandika "ti" alisikiliza. Kwake pale pembeni, pengine kweli lilisema ti.

Pikipiki jina lake ni mlio wake. Kwikwi pia: huwezi kulitamka bila kujisikia kama imekushika. Kunong'ona kuna ile ng' inayobaki puani, jambo la siri lisitoke lote. Anayeandika Kiswahili asisahau kwamba maneno mengine yameshaanza kufanya kazi kabla ya maana yake kufika.

Sasa nisikilizeni nikisema methali ambayo mmeichoka, nikiangusha harage kila nikifika kwenye ba. Haba, ta, na haba, ta, hujaza kibaba, ta-ta. Ba nne. Silabi zote ni 11, na 9 kati yake zina irabu a. Kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne hufanya pishi. Ndani ya methali hiyo mna mtu anayepima punje, na punje zinasikika zikianguka, tena mwishoni zinaongeza kasi: kiba-ba. Ingekuwa "kidogo kidogo hujaza chombo," maana ileile ingekuwepo, na leo pengine hakuna ambaye angeikumbuka.

Mtu akiwaambia takriri, huku kurudiarudia sauti, ni urembo, mpeni kopo na maharage.

La pili ni yule aliyesema "wameingia wote." Amesema wameingia, hakusema yameingia. Maharage kwa sarufi ni ya li-ya: harage limeingia, maharage yameingia. Yeye kayapa ngeli ya watu. Kwa silabi moja, wa, maharage yamepata miguu, na pengine majina. Hili jambo tunalo sisi wenye ngeli, na ni nadra kumkuta mwanafunzi akilitumia kwa makusudi. Ngano zetu zimejaa. "Jua lilichomoza" ni taarifa ya hali ya hewa. "Jua akachomoza, akamwona Ukungu bado amekaa juu ya viazi, akamwambia: wewe huna kwenu?" Hapo mtoto anasogea karibu na moto.

Na ngeli hupima pia. Mtoto, kitoto, toto: ni yuleyule, lakini mwandishi ameshakwambia umwangalie kwa jicho gani. Mzee akiwa kizee amepungua, akiwa jizee umeshamchukia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kwa nini guu, si mguu? Sikio litakwambia ni kwa ajili ya kina, mkuu na guu. Lakini guu pia ni mguu mkubwa, mguu uliovimba, wa kuburuta. Kina kimeleta maana nyingine mkononi. Kina kizuri hufanya hivyo: hufika na zawadi.

Kina kibaya hufika mikono mitupu, na Kiswahili kwa bahati mbaya kinavigawa bure. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Vitenzi vingi huishia na a. Ukiandika tulipendana, tukashikana, tukagombana, tukaachana, umepata vina vinne bila kutoka jasho. Ile na ya mwisho umepewa na sarufi. Hali kadhalika sha, hali kadhalika wa. Waliotunga mashairi ya vina na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari, walijua, ndiyo maana kwao kina ni silabi nzima, si irabu peke yake: pata na futa vinakwenda pamoja, pata na penda haviendi. Mimi nawaongezea sharti langu, la ukali wa uzee: ukifunga ubeti kwa vitenzi vinne vya kauli moja, futa viwili.

Mizani nitaipitia haraka, maana darasani mmeshahesabu sana. Nane kwa nane, mnajua. Ila hesabu hizo zifanyeni kwa mdomo, si kwa vidole peke yake. Nilijaribu mstari usiku ule nikisoma insha zenu:

Ukungu waja Tukuyu, mlima sijauona.

Ni nane kwa nane, lakini hilo si la kujivunia. Sikilizeni kipande cha kwanza. Katika silabi nane, sita ni u. Ukitamka u midomo inakunjana, karibu inafunga, na kwa muda mdomo wako nao umeingia ukungu. Kisha kipande cha pili kinafunguka kwa a na o, lakini kufunguka kwenyewe ni kwa kusema sioni. Je, nilipanga hivyo? Hapana. Nilitaka kuandika mvua, na mvua ilinipunguzia mizani moja, nikaweka ukungu. Sikio ndilo lililoniambia niuache. Bahati hizi huja kwa anayesoma kwa sauti, hata kama nyumbani watadhani umeanza kuongea peke yako.

Sasa nina malalamiko, na mwenye sentensi hii ameniruhusu pia. "Jua la dhahabu lilitabasamu kama malaika huku upepo mwanana ukicheza ngoma ya mapenzi kwenye nywele za miti." Nani hapa kwao wanauza viazi? Inueni mikono. Vizuri. Mzigo uliojazwa hivi kwenu unaitwaje?

(Wakajibu kwa pamoja: "Lumbesa!")

Lumbesa. Gunia limejaa, likashonewa kofia juu, kofia nayo ikajazwa. Kwa sheria gunia la viazi lisizidi kilo 100, na anayeumia na lumbesa ni mkulima, kwa kuwa zile za juu halipwi. Kwenye insha anayeumia ni msomaji, naye zile za juu hazibebi. Anaacha gunia barabarani. Dhahabu, tabasamu, malaika, ngoma, nywele, vyote kwenye gunia moja, tena asubuhi. Waswahili kutia chuku tunakuita kutia chumvi, na chumvi kila mpishi anajua inavyoingia.

Nilimwita mwenye sentensi nikamuuliza: siku hiyo ulikuwa wapi? Akasema alikuwa anakwenda kisimani. Jua lilikuwaje? Akasema, "Lilikuwa chini sana, mwalimu. Lilikuwa linanitazama machoni njia nzima, na nina ndoo kichwani siwezi kuinama."

Nikamwambia asiongeze neno. Sentensi ilikuwa hiyo. Jua linanitazama machoni, na nina ndoo kichwani, siwezi kuinama. Tashihisi moja, ndoo moja, shingo moja. Ukimwona mtu huyo unataka kumsaidia kutua ndoo. Yule wa ngoma ya mapenzi kwenye nywele za miti sikujua hata nimsaidie nini.

Nimeulizwa hapo nje kabla hatujaanza: mbona mitihani inatutaka tutaje tamathali tatu na mifano, haituulizi tumeona nini kisimani? Swali zuri, na jibu si zuri sana. Kutaja ni rahisi kusahihisha. Tajeni basi, mpate alama, hakuna dhambi. Fundi naye lazima ajue randa na patasi vinaitwaje. Ila usiku, kwenye daftari lisilosahihishwa na mtu, andikeni jambo moja la siku hiyo mlilolishika, mkalisikia, au likawauma. Sentensi moja tu. Bila kuku aliyenyeshewa. Mwisho wa muhula mwalimu wenu ataniletea madaftari, nami wino wangu mwekundu bado upo.

Nilikuwa na mengine juu ya tafsida, kule kusema jambo zito kwa upole, hasa namna tunavyosema kifo. Bibi yangu siku ya maziko ya baba alisema sentensi moja tu kwa watu waliojaa uani: "Mgomba ukishazaa hukatwa. Tazameni chipukizi." Akatuonyesha sisi kwa kidevu. Nimejaribu kuieleza sentensi hiyo kwa miaka, na kila nikiieleza inapungua, kwa hiyo naiacha ilivyo.

Saa sita hiyo inagonga, na nasikia sahani. Naomba wawili waniokotee maharage yaliyodondoka chini ya madawati, hata yale ya mstari wa nyuma yaliyosema ko. Mpishi aliniambia ataipima tena hiyo kilo.